Ujuano, Kujuana na Mtandao: Istilahi za Kazi kwa Msanii wa Maonyesho

1. Utangulizi

Katika semina nyingi za wasanii zinazofanyika siku hizi, Visiwani na Bara, kuna usemi mmoja unaorudiwa mno: "Jenga mtandao wako." Msanii mchanga akisikia hivyo hutoa simu mfukoni. Hakukosea, kwa kuwa katika Kiswahili cha leo mtandao ni intaneti. Lakini mwalimu wa semina hakukusudia simu. Alikusudia watu: mpangaji wa tamasha, msimamizi wa burudani hotelini, mwenye studio, mpiga fidla wa kikundi kingine, jirani ambaye binamu yake anaoza binti Ijumaa ijayo. Neno lilisemwa kwa maana moja likapokelewa kwa maana nyingine, na msanii akarudi nyumbani akiwa na ukurasa wenye picha nzuri bila ya kazi.

Makala haya yanakusudia mambo matatu. Kwanza, kueleza kwa ufupi nadharia zinazohusu jinsi watu wanavyojuana na jinsi kujuana huko kunavyowapatia kazi. Pili, kuzipima nadharia hizo kwa maisha ya msanii wa Unguja, hasa anayetafuta riziki katika pwani ya Kendwa. Tatu, kupendekeza istilahi ambazo mfasiri, mwalimu na mtumishi wa serikali wataweza kuzitumia bila ya kumpoteza msomaji.

2. Maneno tuliyo nayo na mizigo yake

Neno mtandao lina asili njema. Linatokana na kitenzi kutanda, kilichozaa pia kutandaa. Wafumaji wa zamani waliziita nyuzi zinazotandwa kwanza mtande, na zile zinazopita katikati yake mshindio. Basi mtandao ni kitu kilichotanda, na sehemu zake zimeshikana. Kwa maana hiyo latufaa sana.

Taabu ni kwamba neno hili limekwisha kubebeshwa mizigo mingine. Kwanza ni hiyo ya intaneti. Pili, hutumika kwa umoja wa mashirika au wanaharakati wenye lengo moja, kama Mtandao wa Jinsia Tanzania ulioanzishwa mwaka 1993. Tatu, katika siasa za mwaka 2005 neno wanamtandao lilitumika kwa kundi lililomuunga mkono mgombea mmoja ndani ya chama, na tangu hapo wako wanaolisikia kwa shaka. Istilahi yenye milango mitatu haifai kuachwa peke yake, bali yahitaji neno la kuifuata ili ieleweke ni mtandao wa nini.

Wafasiri wengine hukimbilia mahusiano. Hapa pana hatari kubwa zaidi. Katika usemi wa vijana wa leo, kuwa "katika mahusiano" ni kuwa na mpenzi. Mwimbaji wa kike anapoambiwa ajenge mahusiano na wenye hoteli, asikiapo maneno hayo anaweza kushtuka, na mzazi wake zaidi. Tumeona kuwa jambo hili si la mzaha. Mafunzo yaliyokusudiwa kumsaidia mtoto wa kike yanaweza kumfanya azuiliwe kuhudhuria, kwa sababu ya neno moja tu.

Neno la tatu ni kujuana. Hili ndilo lililo karibu zaidi na maana yenyewe, nalo ndilo lililochafuka zaidi. Mtu akisema "pale ni kujuana tu", hasifu, bali analalamika. Maana yake ni kwamba nafasi imetolewa kwa upendeleo, na kwamba asiye na mtu ndani asijisumbue kuomba. Mfasiri akiandika kwamba msanii "afanikiwe kwa kujuana", amemfundisha msanii kitu ambacho msomaji atakielewa kuwa ni hila.

3. Nadharia zilikotoka

Watu wengi hudhani kuwa nadharia hizi ni za watu wa biashara wa Marekani. Sivyo zilivyoanza. Mwaka 1954 mwanaanthropolojia J. A. Barnes alichapisha uchunguzi wake kuhusu Bremnes, parokia ya kisiwani katika nchi ya Norway, mahali pa wavuvi na wakulima wadogo. Aliona kuwa huko, mbali na kamati za serikali na mbali na vyombo vya uvuvi, kila mtu ana watu anaowajua, na hao nao wana wao, bila ya kuwapo mpaka wala mkuu. Aliufananisha uhusiano huo na wavu, akazungumza hata juu ya ukubwa wa jicho lake: katika jamii ndogo jicho ni dogo, kwa kuwa anayejuana nawe hujuana pia na wenzako wengine; katika jamii kubwa jicho hupanuka. Mvuvi wa Kendwa asingehitaji kufafanuliwa mfano huo.

Barnes alikuwa amefanya kazi Afrika ya kati kabla ya kwenda Norway, na wenzake wa huko ndio walioikuza fikra hiyo. Mmoja wao, J. Clyde Mitchell, alihariri mwaka 1969 kitabu kuhusu mitandao ya watu katika miji ya Afrika ya kati. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1956, Mitchell huyo huyo alikuwa ameandika juu ya ngoma, nayo ni Kalela, iliyochezwa na wafanyakazi wahamiaji katika miji ya migodi ya shaba ya Zambia ya leo. Alipotafuta ukoo wa ngoma za aina hiyo alifika kwenye beni, na beni, kama alivyoonyesha Terence Ranger katika kitabu chake cha mwaka 1975, ilizaliwa katika miji ya pwani yetu. Vyama vya beni vilikuwa na matawi mji hata mji. Basi mmoja wa waasisi wa nadharia hii alijifunza mengi kwa kuwatazama wachezaji ngoma, na ngoma yenyewe ina damu ya Uswahilini. Hatuombi kitu cha wageni tunapoitafutia nadharia hii maneno ya Kiswahili.

4. Kendwa, na nguvu ya salamu

Kendwa ni kijiji cha pwani ya kaskazini-magharibi ya Unguja, jirani na Nungwi, katika Wilaya ya Kaskazini A. Bahari yake inapokupwa haiendi mbali kama ile ya pwani ya mashariki, nayo yatazama machweo. Kwa sababu hizo mbili hoteli zimeshikana ufukweni, na sherehe za usiku wa mwezi mpevu zimekipa kijiji jina kwa wageni. Kila hoteli yataka burudani: taarabu leo, ngoma kesho, sarakasi keshokutwa. Kwa upande wa pili, vyama vikongwe vya taarabu viko mjini: Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, kilichoanzishwa mwaka 1958 na chenye makao yake Vuga. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi nacho kilianza mjini mwaka 2002, katika Jumba la Forodha la zamani. Wenye kazi wako kaskazini na wenye sanaa wako mjini. Habari zitapitaje kutoka huku kwenda kule?

Tuchukue mfano wa kubuni. Kijana mpiga udi wa mjini ana marafiki wanne wa chanda na pete, wote wa kikundi chake. Wanafanya mazoezi pamoja, wanakula pamoja, wanakwenda harusini pamoja. Siku hoteli moja ya Kendwa inapotafuta mpiga udi, ni nani atakayemwambia? Wale wanne hawawezi, kwa kuwa wanalolijua wao ndilo analolijua yeye. Atakayemwambia ni mtu kama dereva wa gari la Nungwi anayemwamkia kila Jumamosi, au mpiga ngoma wa kidumbaki aliyekutana naye mara moja harusini, au mwanafunzi mwenzake wa zamani ambaye sasa anafanya kazi mapokezi ya hoteli. Hao si sahibu zake. Anajuana nao kwa salamu tu.

Jambo hili ndilo alilolieleza Mark Granovetter wa Marekani mwaka 1973. Aliwauliza watu waliopata kazi kwa kuambiwa na mtu: mtu huyo mlikuwa mkionana mara ngapi wakati ule? Katika watu 54, waliosema "mara kwa mara", yaani angalau mara mbili kwa wiki, walikuwa asilimia 16.7 tu. Waliosema "mara mojamoja" walikuwa asilimia 55.6, na "kwa nadra", yaani mara moja kwa mwaka au chini yake, asilimia 27.8. Kwa hiyo habari za kazi hazikuletwa sana na marafiki wa karibu, bali na watu wa mbali, kwa kuwa wa mbali hutembea mahali ambapo sisi hatutembei.

Katika Kiingereza uhusiano wa namna hii umeitwa kwa neno lenye maana ya unyonge. Wapo waliotafsiri "uhusiano dhaifu". Tafsiri hiyo twaiona kuwa ni ya neno, si ya dhana. Dhaifu katika Kiswahili ni kilema, na msomaji atauliza kwa nini asifiwe kwa kitu dhaifu. Lakini Mswahili ana usemi wake tayari: "Sisi twajuana kwa salamu tu." Usemi huo unataja kiasi cha ukaribu bila ya kudharau. Hivyo basi twapendekeza ujuano wa salamu, na kinyume chake ujuano wa ndani.

Neno ujuano lenyewe limeundwa kwa kanuni tuliyoizoea: husiana huzaa uhusiano, tengana utengano, fanana ufanano, basi juana huzaa ujuano. Mzizi ni ule ule wa kujuana, lakini umbo ni jipya, na lawama iliyokwama katika "ni kujuana tu" haikulifuata.

5. Mwanya na kiungo

Mwaka 1992 Ronald Burt, naye wa Marekani, aliongeza hatua nyingine. Alisema kwamba faida kubwa haitokani na wingi wa watu unaowajua, bali inatokana na mahali unaposimama. Yakiwapo makundi mawili yasiyojuana, baina yao pana nafasi tupu, na anayejuana na pande zote mbili ndiye apitishaye habari.

Nafasi hiyo tupu tuiite nini? Tundu latufikisha kwenye wavu uliotoboka, na samaki wamekwenda zao. Pengo ni la hasara, huachwa na jino au na marehemu. Mwanya ndilo neno. Mwanya ni uwazi baina ya vitu viwili, na pia ni fursa: "Alipopata mwanya akapenya." Dhana ya Burt ni hiyo hiyo hasa, uwazi ambao ni fursa. Kiswahili kimezibeba maana zote mbili katika neno moja.

Anayesimama kwenye mwanya twapendekeza aitwe kiungo. Wapenzi wa kandanda wanamjua kiungo, mchezaji anayeunganisha nyuma na mbele, na kwa hiyo upatanisho wa kisarufi hautasumbua: kiungo huyu, viungo hawa. Chini ya jina hilo la jumla watakaa wengine tuliowazoea. Mshenga ni kiungo asiyelipwa kwa mapatano, na kazi yake huisha pande mbili zikikubaliana. Wakala ni kiungo mwenye mkataba na upande mmoja. Dalali ni kiungo anayekula kamisheni. Si vyema kuwaita wote dalali, kwa maana msanii anayempeleka mwenzake Kendwa kwa wema atadhaniwa kuwa anauza. Na mtumishi anayeandika mkataba hana budi kujua kama aliye mbele yake ni wakala au dalali, kwa kuwa haki zao ni mbalimbali.

Mfano wa dhana hizi haukuanza na hoteli. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, kusini ya Unguja. Kabla ya kuhamia mjini alikuwa akiuza vyungu, kazi ya kupita milangoni na kuamkia watu. Twaweza kusema kwamba muuza vyungu ni tajiri wa ujuano wa salamu. Mjini alikutana na wanamuziki, akafundishwa, akaimba pamoja na kina Subeti bin Ambar na Mbaruk Talsam. Mwaka 1928 walisafiri kwenda Bombay kurikodi santuri za kampuni ya HMV. Kampuni ya Uingereza yenye mitambo yake Bara Hindi, na mwanamke wa shamba aliyeimba kwa Kiswahili: mwanya mpana kuliko huo ni upi? Safari hiyo haikupunguza ubora wa sauti yake wala haikuuumba. Sauti ilikuwapo Fumba. Ujuano uliifikisha mahali iliposikiwa. Anayetaka kuyasoma maisha hayo kwa urefu anacho kitabu cha Shaaban Robert, Wasifu wa Siti binti Saad.

6. Kasoro za nadharia, na tahadhari

Haifai kuzifundisha nadharia hizi kama dawa isiyo na madhara. Tutataja mambo matatu.

La kwanza ni kipimo. Brian Uzzi na Jarrett Spiro walichunguza michezo ya kuigiza yenye nyimbo iliyoonyeshwa Broadway, New York, kati ya mwaka 1945 na 1989, wakachapisha matokeo mwaka 2005. Waliona kuwa ujuano baina ya wasanii ulipokuwa haba, michezo haikufanikiwa sana, na ulipozidi mno, mafanikio yalipungua vilevile, kwa kuwa wote wamekwisha kuwa na fikra zile zile. Heri ilikuwa katikati. Kikundi cha Unguja kinachopiga nyimbo zile zile kwa hoteli zile zile kimefika ukingo huo wa pili.

La pili ni udhaifu wa kiungo kimoja. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na kupata makao yake Ngome Kongwe, ni kiungo kikubwa. Mbali na maonyesho, huwakutanisha wasanii na wapangaji wa matamasha na waandishi kutoka nchi nyingi. Mwaka 2016 halikufanyika kwa sababu ya uhaba wa fedha, likarejea mwaka 2017. Mwaka ule pande mbili zilizozoea kukutana hapo zilikosa mahali pao. Mwaka 2020, ndege za watalii ziliposimama kuanzia Machi hadi Juni kwa sababu ya korona, msanii ambaye ujuano wake wote ulikuwa ufukweni alikosa pa kushika. Aliyekuwa bado anajuana na watu wa harusi za Ng'ambo alikuwa na kamba ya pili.

La tatu ni usawa. Watu aliowahoji Granovetter walikuwa wanaume, wenye kazi za kitaalamu na za uongozi. Ujuano wa salamu hupatikana mahali watu wanapokutana, na mahali hapo si wazi kwa wote. Mpiga udi wa kiume anaweza kukaa Kendwa hadi saa sita ya usiku akizungumza na msimamizi wa burudani. Mwimbaji wa kike mwenye watoto, au binti anayesubiriwa nyumbani, hawezi. Mkufunzi anayesema "nendeni mkajuane na watu" bila ya kutaja mahali na saa, amewafundisha nusu ya darasa. Dawa ni kuwa na mikutano ya mchana, iliyopangwa na kutangazwa, mahali ambapo heshima ya kila mtu imelindwa.

7. Mpaka baina ya ujuano na upendeleo

Yawezekana msomaji akatuuliza: je, kwa kubuni neno safi hamkuusafisha uovu? Kesho afisa akimpa mpwawe nafasi, si atasema kuwa ni ujuano?

Swali hilo ni la haki, na hatuwezi kulikwepa. Jibu letu ni kwamba istilahi njema haitoshi kutaja kitu. Yapasa pia ioneshe mpaka wake. Ujuano hupeleka habari. Upendeleo hupeleka uamuzi. Kijana wa udi akiambiwa na dereva kwamba hoteli fulani inatafuta mpigaji, amefikishwa mlangoni; bado atasikilizwa kama wengine. Lakini akipewa nafasi kabla ya wengine kusikilizwa, au nafasi ya serikali ikifichwa ili aijue yeye peke yake, huo si ujuano tena, na neno lake ni lile lile la zamani: upendeleo. Kwa mtumishi wa serikali kipimo ni chepesi. Habari iliyopita kwa ujuano itangazwe pia kwa wote. Ikiwa haiwezekani kuitangaza, hapana budi kuuliza kwa nini.

Tukikosa maneno mawili hapa, hupata hasara watu wawili. Msanii mwaminifu aliyetembea na kuamkia watu ataitwa mla rushwa, na mla rushwa atajiita mtu wa watu.

8. Mapendekezo

Kwa hayo yote, twaleta mbele ya wasomaji istilahi zifuatazo:

Ujuano: hali ya watu kujuana kwa njia inayoweza kupitisha habari au msaada wa kazi.

Mtandao wa ujuano: jumla ya watu wanaojuana na mtu au kikundi, pamoja na wale wanaojuana nao. Mtandao usiandikwe peke yake kwa maana hii.

Kufuma ujuano: kutafuta, kuanzisha na kutunza ujuano kwa makusudi. Kujenga ni kwa nyumba. Wavu hufumwa, na ukikatika hufumwa tena.

Ujuano wa ndani: ule wa sahibu, ndugu na wenzi wa kikundi.

Ujuano wa salamu: ule wa watu wanaoonana kwa nadra au kwa muda mfupi, lakini wanatambuana.

Mwanya: nafasi baina ya makundi mawili yasiyojuana.

Kiungo: mtu au taasisi inayojuana na pande mbili za mwanya, chini yake mshenga, wakala na dalali.

Upendeleo: kutoa nafasi kwa sababu ya ujuano badala ya sifa. Neno hili lisitafsiriwe kwa lingine lolote lililotajwa hapo juu.

Mtaji wa kijamii, ambao umekwisha kuzoeleka katika vitabu vya uchumi na elimu ya jamii, twaona uachwe ulivyo.

9. Hitimisho

Hatudai kwamba maneno haya yamekamilika. Neno huthibitika linapotumika, wala si linapochapishwa. Walimu wa skuli na vyuo wayajaribu madarasani, wafasiri wayapime katika mikataba na miongozo ya mafunzo, na watumishi wa idara za utamaduni wayasome mbele ya wasanii wenyewe, hasa wale wa Kaskazini Unguja, kisha watuandikie yaliyokubalika na yaliyokataliwa. Mpiga udi akiulizwa aeleze ujuano wa salamu, naye akajibu kwa kutaja jina la dereva wa gari la Nungwi, tutajua kuwa neno limefika.